Jozi Arobaini za Mabuti Meusi

Chumba cha fundi viatu kina mlango mmoja, dirisha moja na benchi moja refu. Ukutani kuna misumari mirefu. Kwenye misumari hiyo kumetundikwa mikasi mikubwa, nyundo ndogo na vipande vya ngozi. Harufu ya gundi inakukaribisha kabla mwenyewe hajakukaribisha.

Kwa miaka ishirini na miwili, mwenyewe alikuwa mwanamume mnene, mpole, mpenda utani. Watu walimwita Fundi. Mke wake walimwita Mama Fundi. Fundi alibadilisha soli na visigino. Mama Fundi alishona na kupaka rangi. Kwa kupaka rangi hakuwa na mpinzani. Watu walisema, ukitaka kunyoa ndevu, jitazame kwenye kiatu alichokipaka Mama Fundi.

Fundi hakuandika kitu. Ukimpelekea kiatu, alikigeuza na kutazama soli.

"Wewe unakanyagia upande wa nje," angekwambia. "Unatembea kama mtu anayekwepa tope."

Basi, amekushika kichwani. Hata ukirudi baada ya miezi miwili, angekipata kiatu chako katikati ya viatu mia. Hakuwahi kumpa mtu kiatu cha mwingine. Hata mara moja.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Hospitali ikamfanyia upasuaji wa jicho la kulia. Jicho la kushoto lilikuwa linasubiri zamu yake. Daktari akamwambia, "Wiki sita. Usikae kwenye vumbi. Usiiname. Usikaze macho."

Nyumbani, Fundi alikaa kitandani na miwani yake myeusi.

"Sasa nani atakaa kwenye benchi?" aliuliza.

"Mimi," alijibu mkewe. "Soli nazijua. Mshono ni wangu tangu zamani. Na kuandika sasa najua."

Ni kweli. Mama Fundi alikuwa amemaliza miaka miwili ya darasa la watu wazima. Alianza akiwa na miaka thelathini na tisa. Cheti chake alikitundika juu ya kabati, mahali ambapo kila mgeni lazima akione.

"Haya, mheshimiwa mwandishi," Fundi alicheka. "Benchi ni lako."

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya walinzi. Kampuni moja ya ulinzi ililinda maghala na mageti ya eneo lile. Walinzi wake arobaini, msimamizi wao akiwemo, walivaa mabuti ya aina moja. Mara nne kwa mwaka, mabuti yote yaliletwa kwa Fundi. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba, na kwa heshima iliyomletea, Fundi aliipenda kuliko zote.

Msimamizi wa walinzi alikuwa na sauti kali, inayosikika mitaa miwili. Walinzi walimwita Kengele. Yeye mwenyewe alilijua jina hilo na alilipenda.

Ijumaa moja Kengele alileta magunia manne, akayatua sakafuni.

"Mama, jozi arobaini! Mishono na rangi. Nazitaka Jumatatu asubuhi."

"Utazikuta tayari," alisema Mama Fundi.

Alikata karatasi ndogo arobaini. Kwenye kila karatasi aliandika kituo cha mlinzi: geti la nyuma, ghala kubwa, mnara. Chini yake akaandika maneno mawili: mabuti meusi. Akaifunga kila karatasi kwenye kamba ya buti. Mwandiko wake ulikuwa safi. Alijisikia vizuri sana.

Kisha akafanya kosa.

Fundi alikuwa na utaratibu wake. Kwanza kutengeneza, mwisho kupaka rangi. Lakini Mama Fundi alitaka wapita njia waone mabuti yaking'aa mlangoni. Alitaka wajue kwamba benchi lina mtu. Kwa hiyo alianza na rangi. Alitoa kamba zote ili brashi ipite vizuri. Akaosha mabuti yote. Akayapaka rangi yote. Akayapanga juani, mistari minne mirefu.

Yaling'aa kama maji. Watu walisimama kuangalia.

Jioni alirudi kwenye benchi. Alikuta rundo la kamba na rundo la karatasi. Akaokota karatasi ya kwanza: geti la nyuma, mabuti meusi. Akatazama nje. Mabuti themanini meusi yalimtazama.

Namba za saizi zilikuwa zimefutika zamani. Mama Fundi alipima kwa macho. Alipima kwa mkono. Akalinganisha, akaunganisha, akafunga tena karatasi, akajipa moyo. Jumatatu Kengele akabeba magunia yake.

Jumanne asubuhi alirudi. Hakuja peke yake. Nyuma yake walikuja walinzi watatu, na mmoja alikuwa anachechemea.

"Mama!" Kengele alinguruma. "Nilikuletea jozi arobaini. Umenirudishia mabuti themanini!"

Mama Fundi alishika ukingo wa benchi.

"Huyu wa geti la nyuma," Kengele aliendelea, "mguu mmoja unaogelea, mwingine unalia. Na huyu wa mnara umempa mabuti mawili ya kushoto. Jana amekuja kazini anazunguka tu!"

Walinzi walicheka. Mlinzi wa geti la nyuma hakucheka. Alikuwa amevua soksi, na kisigino chake kilikuwa na lengelenge kubwa, jekundu.

"Samahani, baba," Mama Fundi alimwambia. "Mguu wako nimeuumiza mimi."

"Utapona tu, mama," alijibu mlinzi.

Kengele alishusha sauti kidogo. Kwake kidogo ni kama kelele ya mtu mwingine.

"Tangu alfajiri vijana wangu wamekaa uwanjani wanabadilishana mabuti kama watoto. Namheshimu Fundi. Ndiyo maana nakupa nafasi moja. Ijumaa ya wiki ijayo naleta mabuti yote. Yote yanataka visigino vipya, maana ukaguzi wetu unakuja. Buti moja tu likienda kusiko, kazi hii naipeleka kwingine. Moja tu!"

Akatupa zile karatasi arobaini juu ya benchi, akaondoka. Habari ikaondoka naye, na ikafika mbali kuliko yeye.

Saa sita mchana, mdogo wake Fundi aliingia. Huyu alikuwa na kibanda cha kuuza betri na kandambili. Alitazama cherehani ya Mama Fundi. Alitazama benchi refu. Alilipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Shemeji," alisema, "pole na yaliyokupata. Sasa mimi nashauri hivi. Nipe funguo nikae hapa mpaka kaka apone. Kiatu hakisomwi, shemeji. Kiatu kinashonwa."

"Wewe umewahi kushona kiatu gani?"

"Nitajifunza."

"Funguo ziko shingoni mwangu," alisema Mama Fundi. "Ukizitaka, lete shingo yako tubadilishane."

Shemeji alicheka, lakini hakuondoka mikono mitupu. Aliondoka na neno. "Ijumaa hiyo si mbali," alisema.

Alipotoka tu, aliingia jirani yao wa ukuta wa pili. Jirani huyu alikuwa karani katika kituo kikuu cha treni. Alifanya kazi kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, na begi lake lilikuwa limekatika mkanda.

"Mwenzangu, nishonee huu mkanda," alisema. "Halafu niambie, mbona uso umekunjamana kama soksi?"

Mama Fundi alimwonyesha rundo la karatasi. Karani aliokota moja, akasoma. Akaokota ya pili. Akaokota ya tatu.

"Mabuti meusi. Mabuti meusi. Mabuti meusi." Alinyanyua kichwa. "Mwandiko wako ni mzuri, jirani. Lakini hujasema kitu."

"Nimesema! Ni mabuti. Na ni meusi."

"Na buti la geti la nyuma?"

"Jeusi."

"Na la mnara?"

Mama Fundi aliigeuza karatasi, kama kwamba jibu liko nyuma yake.

"Usikasirike," Karani alisema. "Mimi nina miavuli hamsini pale ofisini. Wiki iliyopita bwana mmoja alikuja. Akaniambia, 'Nimepoteza mwavuli mzuri.' Nikamuuliza, mzuri kwa nani? Kila mwavuli ni mzuri kwa mwenyewe. Nikamwambia, aeleze. Akasema, 'Mweusi.' Nikafungua kabati. Miavuli myeusi arobaini na mmoja ikamwangalia!"

"Akaupata?"

"Aliupata aliposema hivi: mwavuli mweusi mrefu, wenye mpini mnene wa mti, na mpini una mkwaruzo. Huo ulikuwa mmoja tu."

Karani aliweka begi lake juu ya benchi.

"Haya. Nimepoteza begi. Nieleze."

"Begi kubwa."

"Kituoni nina mabegi makubwa mpaka darini."

"Begi kubwa jekundu."

"Hapo tumepunguza. Yamebaki saba."

Mama Fundi alilisogelea begi. Aliligeuza kama mume wake anavyogeuza kiatu.

"Begi kubwa jekundu. Lina mkanda mpana, mweusi. Mkanda umekatika karibu na pete ya kushoto."

"Ndilo hilo!" Karani alipiga makofi. "Hilo ni langu, na hakuna mwingine atakayelidai. Umeona ulivyofanya? Ulitaja kitu kwanza. Begi. Halafu ukakisema: kubwa, jekundu. Lugha yetu ina adabu, jirani. Inakitambulisha kitu kwanza, ndipo inakisema."

"Mwalimu wetu alisema hayo ni maneno ya sifa."

"Ndiyo, na mengi yanaitwa vivumishi. Yanakaa nyuma ya kitu, na yanavaa kama kitu chenyewe. Hebu chukua neno moja, jeusi. Buti?"

"Buti jeusi."

"Kamba?"

"Kamba nyeusi."

"Kisigino?"

"Kisigino cheusi."

"Uzi?"

"Uzi mweusi."

"Rangi moja, nguo nne! Na hukufikiri hata kidogo. Ulimi wako unajua tangu utoto. Kalamu iufuate ulimi tu. Wewe unayo lugha nzima kinywani, mwenzangu. Kwa nini unaandika kama mtu aliyepewa maneno mawili ya msaada?"

Mama Fundi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Lakini mabuti yale ni ya aina moja," alisema. "Yote yametoka kiwanda kimoja."

"Yalipofika hapa Ijumaa, yote yalifanana?"

"Hapana. Moja lilikuwa na tope jekundu. Moja lilikuwa na madoa ya mafuta. Moja lilikuwa na mkwaruzo mrefu puani."

"Sasa mikwaruzo imekwenda wapi?"

Mama Fundi alitazama brashi yake kubwa.

"Nimeifuta mwenyewe," alisema. "Kwa rangi yangu nzuri."

"Basi yakirudi, brashi isubiri. Kalamu itangulie."

Jioni hiyo Mama Fundi alibeba jozi tano za viatu vya wateja mpaka nyumbani. Alikaa karibu na kitanda cha mume wake. Alishika kiatu kimoja, akakitazama, akaandika. Kisha akasoma kwa sauti.

"Kiatu cheusi kizuri."

"Mh," alisema Fundi nyuma ya miwani yake. "Sioni kitu. Na si kwa sababu ya jicho."

Mama Fundi aliukata mstari huo. Akaandika tena.

"Kiatu cheusi chembamba. Kina pua ndefu. Soli ni nyembamba, na imelika upande wa ndani. Kamba ni fupi, na ina fundo."

Fundi alinyanyua kichwa kutoka kwenye mto.

"Fundo moja au mawili?"

"Mawili madogo."

"Huyo ni kinyozi wa kona! Anasimama mguu mmoja siku nzima." Alikaa wima. "Soma kingine."

Alisoma cha pili. Fundi alimtaja mwenyewe. Alisoma cha tatu. Fundi alimtaja mwenyewe, akamtaja na mke wa mtu huyo, na safari ambayo mume alimwahidi asimpeleke. Cha nne kilimchekesha mpaka akashika jicho lake lililofunikwa.

"Mke wangu," alisema, "nimekaa humu siku tisa sioni ila ukungu. Leo nimeona viatu vinne. Nimeviona kabisa."

Mama Fundi aliinamisha kichwa juu ya daftari. Hakutaka mume wake asikie anavyopumua.

"Lakini sikiliza," Fundi aliendelea, na sasa ilikuwa sauti ya benchi. "Ijumaa utatoa visigino vya mabuti yote. Ukiandika kisigino kilicholika, alama yako utaitupa na kisigino. Andika alama ambayo kazi yako haitaiondoa. Tazama ulimi wa buti. Tazama mishono ya zamani. Tazama kitambaa cha ndani. Tazama matundu ya kamba."

"Kulia na kushoto?"

"Kulia na kushoto. Miguu ya mtu haichakazi viatu kwa kulingana."

Kila jioni ya wiki hiyo walifanya hivyo. Yeye alieleza, mume wake aliona. Maneno kama zuri na baya aliyaacha pembeni. Badala yake alitumia maneno yanayoonekana kwa jicho: refu, fupi, nene, embamba, pana, iliyochanika, iliyopinda. Mkono wake ukawa mwepesi.

Ijumaa ikafika. Kengele akaingia na magunia, na wakati huu Mama Fundi hakugusa brashi. Alifungua daftari jipya.

"Kila jozi tutaipa namba," alisema. "Namba hiyo itakuwa kwenye karatasi na kwenye daftari. Mimi nitaandika jinsi buti lilivyo. Nitakusomea. Ukikubali, utatia sahihi."

"Jozi arobaini?" Kengele aliuliza. "Mama, mimi nina kazi!"

"Na mimi hii ndiyo yangu. Kaa."

Kengele alikaa kwenye kigoda kidogo, magoti yakagusa kidevu. Mama Fundi alianza.

"Namba tatu. Geti la nyuma. Mabuti meusi mapana. Buti la kulia lina ulimi mfupi, uliochanika pembeni. Buti la kushoto lina tundu moja la kamba lililopinda."

"Ndiyo, ndiyo." Akatia sahihi.

"Namba kumi na moja. Ghala kubwa. Mabuti meusi. Kamba ni nene, za kahawia. Buti la kulia lina mshono mfupi mweupe juu ya kidole kidogo. Buti la kushoto lina doa pana la mafuta ndani."

"Sawa, twende." Sahihi.

Ilipofika namba ishirini, Kengele alianza kupiga miayo. Ilipofika thelathini, alikuwa anatia sahihi huku akizungumza na simu. Ilipofika arobaini, ambayo ilikuwa jozi yake mwenyewe, alishika kalamu kabla Mama Fundi hajamaliza sentensi ya kwanza.

"Sikiliza hii, ni yako," alisema Mama Fundi.

"Buti langu nalijua, mama!" Akatia sahihi, akaondoka mbio.

Siku tatu Mama Fundi alifanya kazi. Alitoa visigino vya zamani, akapigilia vipya. Shemeji alipita Jumapili, akamkuta amezungukwa na mabuti. Labda alikuja kucheka. Lakini alipoona jasho lake, alivua saa, akakunja mikono ya shati.

"Nikusaidie nini, shemeji?"

"Sogeza ile jozi ya mwisho karibu na dirisha."

Shemeji alisogea kwa nguvu. Kiwiko chake kikagonga kopo la gundi. Gundi ilimwagika juu ya mabuti kumi na mawili. Mama Fundi alirukia kitambaa na akaipangusa ngozi kwa haraka. Ngozi ilipona. Karatasi za namba zilikwisha kazi. Zilikuwa uji.

Shemeji alisimama kama nguzo.

"Yameisha," alisema kwa sauti ndogo. "Shemeji, nimekuua."

"Hujamuua mtu. Kaa hapo. Fungua daftari, ukurasa wa pili. Wewe unasoma, si ndiyo? Soma."

Shemeji alisoma polepole. "Namba kumi na saba. Mnara. Mabuti meusi membamba. Buti la kulia lina kitambaa cha ndani chekundu, kilichochanika. Buti la kushoto lina..." Aliangalia mabuti yaliyokuwa mbele yake. Akainua moja. Akachungulia ndani.

"Kitambaa chekundu!" alipiga kelele. "Shemeji, ndilo hili! Hili hapa!"

"Na la kushoto?"

"Mshono wa uzi mnene wa kijivu, karibu na kifundo... Hili! Hili hapa! Yameonana!"

Kwa saa moja walipata yote kumi na mawili. Mawili ya mwisho aliyapata shemeji peke yake, na alitembea nayo chumbani kama mtu aliyeshinda kombe. Ndipo Mama Fundi akachukua brashi yake. Akapaka rangi mabuti yote themanini. Safari hii aliyapaka kwa mkono mtulivu, kwa sababu kila alama iliyopotea chini ya rangi ilikuwa imeshaingia kwenye daftari.

Jumatatu asubuhi walinzi wenyewe walikuja. Walipanga mstari nje ya mlango. Kengele alisimama pembeni, mikono nyuma. Karani naye alikuwa ameegemea ukuta, akijifanya anasubiri kitu.

Mama Fundi alisoma namba na kituo. Shemeji alikabidhi. Mlinzi alivaa, akapiga hatua mbili, akaitikia kwa kichwa.

Mlinzi wa geti la nyuma aliingiza mguu polepole, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Alisimama. Akatembea mpaka barabarani, akarudi.

"Asante, fundi," alisema.

Jozi thelathini na tisa zilipata miguu yake. Hakuna iliyokosea. Ikabaki moja.

Kengele alipokea mabuti yake, akayageuza. Mara uso ukabadilika.

"Hiki ni nini?" Sauti ilitoka yote. Mtaa mzima ukageuka. "Buti langu la kushoto limekatwa! Tazameni! Mmenikata kwa kisu cha kutolea visigino!"

Kweli, juu ya kisigino kulikuwa na mkato. Shemeji alibabaika. "Mkuu, labda tu..." Mama Fundi alimgusa bega kumzuia. Alifungua ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti, bila haraka.

"Namba arobaini. Msimamizi. Mabuti meusi mapana. Kamba ni ndefu, nyembamba. Buti la kulia lina ulimi mrefu uliopinda. Buti la kushoto lina mkato mfupi, mwembamba, juu ya kisigino. Ndani ya mkato kuna rangi kavu ya kijani."

Alisogeza buti kwenye mwanga wa mlango. Kwa ncha ya sindano akafungua midomo ya mkato. Ndani kabisa, mahali ambapo brashi haikufika, palikuwa na mstari mdogo wa kijani.

"Humu ndani sina rangi ya kijani," alisema. "Ninayo nyeusi na ya kahawia. Na sahihi hii hapa ni ya nani?"

Kengele aliinama kutazama. Ilikuwa yake.

Mlinzi wa geti la nyuma alikohoa.

"Mkuu," alisema, "si ile siku ulipolipiga geti langu teke la kisigino? Lilikuwa limepakwa rangi asubuhi ile. Uliniamsha."

Walinzi walijaribu kujizuia. Mmoja alishindwa, na baada ya hapo wote walishindwa. Karani aliangalia ukuta, mabega yakimcheza. Kengele alisimama na buti lake mkononi. Kidogo kidogo shavu lake moja nalo likaanza kutikisika.

"Geti lenyewe lilikuwa linalala," alisema hatimaye. "Na mlinzi wake pia."

Alikaa kwenye kigoda, akavaa mabuti yake, akakanyaga chini mara mbili.

"Visigino imara," alisema. "Sina neno. Baada ya miezi mitatu naleta tena. Na nina walinzi ishirini na watano wa zamu ya pili, mabuti yao yalikuwa yanakwenda kwa fundi mwingine. Nao nitawaleta kwako. Utaandika hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na wewe utakaa usikilize."

"Nitakaa." Alisimama, akaweka kofia yake sawa. Kisha akasogea karibu, akajaribu kunong'ona. Barabara nzima ilisikia. "Lakini mama, umenisoma mbele ya vijana wangu. Wamenicheka. Mimi ni mkubwa wao. Niombe radhi kwa hilo moja tu, tuyamalize vizuri."

Shemeji alimgusa Mama Fundi kiwiko. "Sema tu, shemeji. Neno lenyewe dogo."

Mama Fundi alifunga daftari lake, akaliweka chini ya kwapa, akamtazama Kengele usoni.

"Ulipiga kelele mbele yao, nami nimesoma mbele yao," alisema. "Nimesoma buti lako kama lilivyo, neno kwa neno, kwa mkono wangu mwenyewe. Siombi radhi."